Barua si Herufi: Maneno ya Posta katika Kihispania



Juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya bahasha moja iliyosafiri mpaka Uhispania, kisha ikarudi kwa mwenyewe bila kufunguliwa. Ndani yake mlikuwamo cheti cha kuzaliwa. Iliporudi, zilikuwa zimebaki siku 19 tu kabla ya kijana aliyekuwa akikingojea cheti hicho kupitwa na muda wa kuomba upya kibali chake cha kuishi ugenini. Bahasha haikurudishwa kwa sababu ya wizi, wala ya upungufu wa stempu. Ilirudishwa na herufi tatu zilizoandikwa mahali pasipo pake. Nimeona habari hiyo inafaa kusimuliwa katika safu hii, kwa sababu siku hizi nyumba nyingi zina mtoto aliye mbali, na lugha za mbali zina mitego yake.

Mwenye bahasha ni mama mmoja jirani yangu, muuza vitenge, mtu makini asiyepoteza hata senti. Mwanawe anasoma katika mji mmoja wa Uhispania. Kijana alimwomba mama ampelekee cheti chenyewe chenye muhuri, kwa maana picha iliyotumwa kwa simu haikukubaliwa. Mama akaenda posta, akalipa, akaandika anwani kwa mkono wake mwenyewe. Wiki zikapita. Kila alipopiga simu, jibu lilikuwa moja: "Mama, haijafika."

Mama hakukaa bure. Alichukua kamusi ndogo ya Kifaransa na Kihispania aliyoiacha mwanawe, akatunga ujumbe kwa mama mwenye nyumba ambamo kijana amepanga. Aliandika hivi: "Señora, ¿ha llegado la letra de mi hijo?" Kwa nia yake, alikuwa akiuliza, "Bibi, je, barua ya mwanangu imefika?" Kesho yake akapata jibu: "Aquí no ha llegado ninguna letra. Su hijo no debe nada."

Usiku huohuo alikuja kugonga mlango wangu. "Mwalimu," akasema, "nimeuliza habari ya barua, nimejibiwa habari ya deni. Huyu mtoto ana madeni gani ambayo mimi mzazi wake siyajui?"

Nikamkaribisha kiti, tukaanza kazi ya kufumbua fumbo hilo, neno kwa neno. Yale tuliyoyapata usiku ule ndiyo ninayokuletea leo.

CARTA NA LETRA

Wengi wetu tuliopitia shule za Kifaransa tumezoea kwamba neno moja, lettre, lina maana mbili: herufi ya alfabeti na barua ya kutumwa. Waliosoma Kiingereza wamezoea hivyohivyo kwa neno lao. Basi tukikutana na neno la Kihispania letra, macho yanatuambia, "Huyu ni ndugu yake yule." Kweli ni ndugu, lakini hafanyi kazi ileile.

Kwa Kihispania, letra ni herufi. Ni mwandiko pia: mtoto mwenye mwandiko mzuri husifiwa kwamba ana buena letra. Maneno ya wimbo, yakitengwa na sauti yake, nayo huitwa letra. Zaidi ya hayo kuna letra de cambio, hati ya biashara ambayo mtu hutakiwa kulipa kiasi fulani siku iliyotajwa. Kwa sababu hiyo watu wa Uhispania, wakinunua gari kwa malipo ya mafungu, husema kwamba wanalipa letras kila mwezi. Hapo ndipo fumbo lilipofumbuka. Mama mwenye nyumba hakusoma, "Je, barua imefika?" Alisoma, "Je, hati ya malipo ya mwanangu imefika?" Naye, kwa wema wake, akamtoa mzazi wasiwasi: mwanao hadaiwi kitu. Swali lilikuwa la haki na jibu lilikuwa la haki, ila hayakukutana.

Neno alilolihitaji ni carta. Carta ni barua, ile ya kukunjwa na kutiwa katika bahasha. Neno hili si geni kabisa kwetu. Wareno walipofika pwani ya Afrika Mashariki walikuja na neno hilohilo, nao hulitumia pia kwa karatasi za kuchezea. Kutoka kwao tukapata karata. Wahispania nao huziita cartas. Kwa hiyo anayeweza kukumbuka karata hatashindwa kukumbuka carta.

Lakini hata carta ina mahali pake. Ukiketi hotelini ukaomba la carta, utaletewa orodha ya vyakula. Mwenye kujua Kifaransa naye ajihadhari: carte ya Kifaransa ni kadi au ramani, bali kwa Kihispania kadi ni tarjeta, na ramani ni mapa. Kadi ya picha ipelekwayo kwa posta huitwa tarjeta postal, au postal tu.

Tusiwacheke Wahispania kwa wingi wa maneno. Sisi wenyewe hatusemi barua kila mahali. Kile Mtume Paulo alichowaandikia Wakorintho tunakiita waraka, nao hukiita epístola. Agizo la ofisi lipelekwalo kwa wakuu wote wa shule tunaliita waraka pia. Wao huliita circular. Mtu akisema, "Nimepata waraka kutoka kwa mama," tutashangaa, ingawa tutamwelewa. Hivyo ndivyo wanavyoshangaa wao wasikiapo letra.

Liko pia tukio la historia linalohusu ukanda wetu. Tarehe 3 Oktoba, 1965, Fidel Castro alisoma hadharani mjini Havana barua ya kuaga iliyoandikwa na Ernesto Che Guevara, ambaye wakati ule alikuwa upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, katika Kongo. Barua hiyo kwa Kihispania hujulikana kama carta de despedida. Ingeitwa letra, mtu angedhani ni wimbo.

CORREO

Baada ya barua, tunahitaji jina la njia inayoipeleka. Hapa tena neno letu posta litatupoteza. Kwa Kihispania, poste ni nguzo, kama nguzo ya umeme. Posta nalo lipo: zamani lilikuwa kituo cha njiani cha kubadilishia farasi waliochoka, na huko Chile hata leo mgonjwa wa kijijini huenda kwenye posta kutibiwa, maana ni zahanati. Anayetafuta mahali pa kununua stempu asiulize posta. Aulize correos.

Correo zamani lilikuwa jina la tarishi mwenyewe, mtu wa kukimbia na habari. Baadaye likawa jina la huduma nzima. Posta ya Uhispania, iitwayo Correos, huhesabu umri wake tangu mwaka 1716. Katika uwanja wa Puerta del Sol, Madrid, lingalipo jengo la karne ya 18 liitwalo Casa de Correos, Nyumba ya Posta. Leo ni makao ya serikali ya mkoa wa Madrid, na mbele yake limewekwa jiwe la kilomita sifuri, ambapo barabara kuu za nchi huanza kuhesabiwa. Hapa kwetu pia mgeni huelekezwa njia kwa kuanzia posta.

Correo lina maana nyingine ya kila siku: barua zote za siku moja kwa jumla. Mtu akisema no ha llegado el correo, hasemi kwamba barua fulani imepotea. Anasema posta ya leo haijaletwa. Barua zilizoandikwa na kupokewa kati ya watu au ofisi huitwa correspondencia. Mpeleka barua ni cartero. Akiwa mwanamke huitwa cartera, lakini kumbuka kwamba cartera ni pia pochi. Ukisema umepoteza cartera, watu watakusaidia kutafuta fedha, si mwanamke.

BAHASHA NA ILE HERUFI TATU

Hata hivyo, neno letra halikuirudisha bahasha. Ilirudi siku chache baada ya mazungumzo yetu, na mama akaniletea. Nikaitazama, nikaona kosa. Mbele ya bahasha, mwanzoni kabisa mwa anwani ya mwanawe, alikuwa ameandika kwa mwandiko safi: Rte. Nyuma aliandika jina lake na sanduku lake la posta.

"Mama, hizi herufi tatu umezitoa wapi?" nikauliza.

"Kwenye bahasha ya zamani ya mwanangu," akajibu. "Ndivyo alivyoandika yeye mwenyewe mbele ya anwani yake. Kwa Kifaransa Rte si barabara?"

Alisema kweli: Wafaransa hulifupisha hivyo neno route. Lakini kwa Kihispania Rte. ni ufupisho wa remitente, yaani mpelekaji. Kijana alikuwa ameandika vizuri nyuma ya bahasha yake: "Mpelekaji ni mimi." Mama, kwa kunakili kila alama kwa uaminifu, aliwaambia watu wa posta ya Uhispania kwamba barua inatoka kwa mwanawe. Nao, walipoona mpelekaji yuko hukohuko na anwani nyingine iko Afrika, wakaipeleka Afrika.

Basi tuyashike maneno haya mawili kama tunavyoshika majina ya watoto. Remitente ni anayepeleka; anwani yake hukaa nyuma, au juu pembeni. Destinatario ni anayepelekewa. Anwani yake hukaa mbele, katikati. Ukisita, usiandike neno lolote mbele ya jina la mpelekewa. Anwani peke yake inajitosheleza.

Bahasha yenyewe huitwa sobre. Neno hili pia humaanisha juu ya, hata mwanafunzi hufurahishwa na sentensi hii: el sobre está sobre la mesa, bahasha iko juu ya meza. Meza nayo, kama karata, ni neno tulilolipata kwa Wareno.

Kuhusu stempu, itategemea nchi. Uhispania husema sello, neno litumikalo pia kwa muhuri wa ofisi. Kolombia, Ajentina na Chile husema estampilla. Meksiko husema timbre, kama Kifaransa. Lakini ukiomba timbre mjini Madrid, watu watafikiri unatafuta kengele ya mlangoni. Stempu ya kwanza ya Uhispania ilitolewa tarehe 1 Januari, 1850, ikiwa na sura ya Malkia Isabel wa Pili. Na ule muhuri mweusi ambao karani huupiga juu ya stempu ili isitumiwe tena huitwa matasellos, yaani muua stempu. Jina hilo halihitaji maelezo.

SANDUKU LA POSTA

Katika nchi zetu barua nyingi haziletwi mlangoni. Hungoja katika sanduku lenye namba. Wenzetu wa lugha ya Kihispania wana masanduku hayo pia. Uhispania husema apartado de correos, Meksiko husema apartado postal, nayo hufupishwa Apdo. Ajentina na Uruguay husema casilla de correo, na Chile husema casilla tu. Haya yote ndiyo S.L.P. yetu, au B.P. kwa walioandika Kifaransa. Kisanduku cha mlangoni cha kupokelea barua, na kile kikubwa cha barabarani cha kutilia barua, huitwa buzón. Huko Uhispania yale ya barabarani yana rangi ya manjano.

Usidhani kwamba anwani za namna hii ziko ng'ambo tu. Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru wake kwa Uhispania tarehe 12 Oktoba, 1968, hutumia Kihispania katika ofisi zake, na mji wa Malabo uko Afrika kama miji yetu. Kihispania na Kiswahili zote mbili zimo katika orodha ya lugha rasmi za Umoja wa Afrika. Mwafrika kumwandikia Mwafrika mwenzake kwa Kihispania si jambo la ajabu.

KUPELEKA KITU CHA THAMANI

Cheti, hati ya shamba au karatasi yoyote isiyo na pacha haifai kupelekwa kama barua ya kawaida. Ipeleke kwa rejista. Neno lake ni carta certificada. Ukitaka kurudishiwa karatasi yenye sahihi ya aliyepokea, omba acuse de recibo, yaani uthibitisho wa mapokezi. Maneno por avión kwenye bahasha yana maana ya kwamba isafiri kwa ndege. Barua ya kungojwa posta mpaka mwenyewe aje na kitambulisho, kwa mtu asiye na anwani ya kudumu, huandikwa lista de correos.

Fedha zipelekwazo kwa posta ni giro postal. Kifurushi ni paquete. Lakini katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini utasikia encomienda. Neno hilo la pili lina historia chungu. Katika karne ya 16 lilikuwa jina la utaratibu ambao watawala wa Kihispania waliwagawia wenzao wenyeji wa Amerika, wawatumikishe na kuwatoza. Leo mama wa Lima hulitumia kwa kikapu cha vyakula anachompelekea mwanawe. Maneno nayo hubadili kazi, kama watu.

Angalia pia malipo. Porte pagado ni kwamba gharama imekwisha kulipwa na mpelekaji. Porte debido ni kwamba atalipa mpokeaji. Usimpelekee mwanafunzi zawadi ya porte debido ukadhani umemfadhili.

BARUA ZA MTAMBO

Siku hizi kijana akisema mándame un correo, hataki bahasha. Anataka barua pepe, ambayo jina lake kamili ni correo electrónico. Karatasi unayoiambatisha ni archivo adjunto. Na ile alama ya mviringo iliyo katikati ya anwani, @, huitwa arroba. Hapo kuna jambo la kupendeza. Arroba ni kipimo cha zamani cha uzito, zaidi kidogo ya kilo 11, nacho kilikuwa robo ya kipimo kikubwa zaidi. Wahispania walilipata neno hilo kwa Waarabu, walioita robo ar-rub'. Sisi nasi tulilipata kwa Waarabu hao, tukasema robo. Kwa hiyo kila Mhispania anapotaja anwani yake ya barua pepe, hutaja ndugu wa robo yetu ya sukari.

SALAMU NA ALAMA

Mwisho, tuangalie mwanzo wa barua. Kwa ndugu na rafiki andika Querido, au Querida kwa mwanamke. Kwa mkuu wa ofisi au mtu usiyemzoea andika Estimado señor au Estimada señora. Baada ya salamu hiyo weka nukta mbili, si mkato. Mwishoni, ofisi huandikiwa Atentamente. Ndugu huandikiwa Un abrazo, yaani nakukumbatia.

Alama ndogo juu ya herufi zisidharauliwe. Papá ni baba, lakini papa ni kiazi katika Amerika ya Kusini, na kila mahali ni pia Baba Mtakatifu wa Roma. Mtoto aandikaye Querido papa amemwamkia ama kiazi ama Vatikani. Vilevile año, yenye kiwimbi juu ya n, ni mwaka. Ikikosa kiwimbi hugeuka jina la sehemu ya mwili isiyotajwa mezani. Salamu za mwaka mpya zikaguliwe mara mbili.

MWISHO WA SAFARI

Yafaa nimalize habari ya bahasha. Asubuhi iliyofuata tulikwenda posta pamoja. Mama aliandika anwani upya, mbele jina la mwanawe bila herufi tatu zile, nyuma jina lake likitanguliwa na neno remitente. Akalipia rejista na uthibitisho wa mapokezi. Cheti kikafika zikiwa zimebaki siku nne. Kijana alikipeleka ofisini siku hiyohiyo.

Nilimwuliza mama amejifunza nini. Akasema, "Nimejifunza kwamba neno linalofanana na nilijualo ndilo la kuliogopa kwanza. Lile geni kabisa ningelitafuta katika kamusi mpaka mwisho wa ukurasa. Hili nililiamini kwa sura." Sina la kuongeza. Kamusi yake ilikuwa imeandika maneno yote mawili, letra na carta, yakifuatana. Yeye alisimama kwenye lile la kwanza kwa sababu sura yake haikuwa ngeni. Basi tusome mpaka mwisho wa mstari, na tukiona mashaka tuulize. Kuuliza si ujinga.

Kabla hatujaachana posta, aliniomba neno moja zaidi. Kutia barua katika sanduku, Wahispania husemaje? Nikamwambia, echar una carta. Na kumwambia mtoto aliye mbali kwamba ninakukumbuka na nafasi yako nyumbani i wazi? Huko aliko mwanao, nikamwambia, husema te echo de menos. Akaona kwamba kitenzi ni kilekile, echar, cha kutia barua na cha kumkosa mtu. Akaomba kalamu ya karani, akayaandika maneno hayo manne kwenye kipande cha karatasi, akakitia ndani ya bahasha pamoja na cheti kabla haijafungwa.

Tuonane juma lijalo, ndugu msomaji.